Fimbo Nane Mbele ya Mashua: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Fimbo na Rili katika Uvuvi wa Krapi

Katika maziwa ya kaskazini mwa jimbo la Mississippi nchini Marekani, hasa Arkabutla, Sardis, Enid na Grenada, ambayo yote ni mabwawa ya kuzuia mafuriko yaliyokamilika kati ya 1940 na 1954, ni jambo la kawaida kuona mashua ndogo yenye watu wawili walioketi omo, na mbele yao fimbo nane ndefu zimetandazwa kama miguu ya buibui. Wanamvua krapi, samaki bapa wa maji baridi ambaye mdomo wake ni laini kiasi kwamba wenyeji humwita mdomo-karatasi. Ni katika Enid, mwaka 1957, alikovuliwa krapi mweupe anayeshikilia rekodi ya dunia, mwenye uzito wa ratili 5 na wakia 3, yaani kilo 2.35 hivi. Mzani wa krapi wa kawaida, hata hivyo, hausomi hata nusu ya hapo, na samaki mwepesi wa namna hiyo hatoi taarifa kubwa anapogusa chambo.

Mvuvi aliyelelewa na mshipi wa mkono, ule unaopita juu ya kidole cha shahada na kumweleza kila kinachotokea chini, hupata tabu yake ya kwanza hapa. Chombo kinatembea polepole bila nanga, kama katika kurambaza, lakini fimbo zimelala kwenye vishikizi na kidole hakishiki kitu. Kazi ya kidole imehamia machoni. Jicho nalo haliwezi kusoma ncha nane kwa pamoja isipokuwa zote zimekaa namna moja, ili ile iliyotofautiana na wenzake ijitokeze mara moja. Kwa sababu hiyo matatizo mengi yanayoelezwa hapa, yawe ya kina, ya kusokotana au ya samaki kung'oka, yanaporudishwa nyuma hatua kwa hatua humalizikia mahali pamoja: kuna fimbo, rili (kifaa cha kukunjia mshipi), mshipi au chubwi lisilofanana na mengine. Anayebadilisha chambo kabla ya kusawazisha vifaa hupoteza asubuhi nzima, na nimeipoteza mara nyingi vya kutosha kuweza kusema hivyo bila kusita.

Mpangilio wa kuanzia

Ili dalili ziwe na maana ni lazima pawepo hali ya kawaida ya kuzilinganisha nayo. Nitachukua fimbo nane za aina moja na urefu mmoja, futi 14 au 16, yaani mita 4.3 au 4.9, zenye ncha laini na uti wenye nguvu. Kila fimbo ina rili ndogo ya aina ileile, iliyojazwa mshipi wa nailoni unaostahimili mvuto wa ratili 6 hadi 10, wenye rangi ya manjano au kijani kinachong'aa, kwa kuwa mshipi usioonekana na mvuvi haumsaidii katika uvuvi wa macho. Chini kuna chubwi la wakia nusu, gramu 14 hivi, na ndoana mbili, moja juu ya chubwi kwenye tawi fupi na nyingine chini yake, kila moja na kisamaki hai. Mpangilio wa chubwi katikati ya ndoana mbili umeenezwa sana na Ronnie Capps na Steve Coleman wa Tennessee, mabingwa wa mashindano ya taifa mara kadhaa, na hadi leo huuzwa madukani kwa majina yao. Mota ya umeme iliyoko omo husukuma mashua kwa mwendo wa kilomita nusu hadi moja kwa saa, ambao kwa mtu aliye ufukweni huonekana kama kusimama.

Idadi ya fimbo na ya ndoana kwa kila mvuvi hupangwa na jimbo, na wakati mwingine na ziwa lenyewe. Minnesota, kwa mfano, huruhusu mshipi mmoja tu kwa mtu wakati ziwa halijaganda, kwa hiyo mpangilio huu wote huko ni kosa la kisheria. Kanuni za mahali husika zisomwe kabla ya kununua vishikizi.

Fimbo moja inapata samaki, nyingine zimenyamaza

Hii ndiyo dalili inayofurahisha na kudanganya kwa wakati mmoja. Wengi hudhani fimbo hiyo ina chambo kizuri zaidi, wakaanza kubadilisha visamaki kwenye zile saba. Jambo la kupima kwanza ni kina.

Krapi hukaa katika tabaka jembamba la maji, na macho yake yamekaa kwa namna ya kutazama mbele na juu. Huinuka bila shida kufuata kitu kilicho juu yake, lakini mara chache hushuka kukifuata kilicho chini. Chambo kilichopita sentimita 30 juu ya kichwa chake kinaweza kuliwa, ilhali kilichopita sentimita 30 chini ya tumbo lake ni kama hakikuwepo. Tofauti ndogo ya kina kati ya fimbo na fimbo inatosha, basi, kuzifanya saba zivue maji matupu.

Tofauti hiyo huingia kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuhesabu. Wavuvi wengi hupima mshipi kwa kuuvuta kati ya rili na kipete cha kwanza cha fimbo, ile pete ndogo anamopita mshipi, mvuto mmoja mmoja, wakijua kwamba kila mvuto ni sentimita 60, mathalani. Hesabu hiyo ni sahihi kwa fimbo iliyopimwa peke yake. Fimbo ya aina nyingine, ambayo rili yake imefungwa nyuma kidogo, inaweza kutoa sentimita 70 kwa mvuto, na katika mivuto sita tofauti inafika sentimita 60 nzima. Asiyekuwa na fimbo zinazofanana apime umbali huo kwa futi kamba, aandike namba kwenye mpini wa kila fimbo, na aache kuamini kwamba mkono wake unakumbuka.

Njia ya pili ni urefu wa ncha juu ya maji. Mshipi wa mita 3 unaoanzia kwenye ncha iliyo sentimita 30 juu ya maji hufika mita 2.7, na ule unaoanzia kwenye ncha iliyo sentimita 80 juu ya maji hufika mita 2.2 tu. Vishikizi vya pembeni mara nyingi hufungwa kwenye ukingo wa mashua, ambao ni wa juu kuliko ubao wa omo, kisha mtu akashangaa kwamba fimbo za pembeni hazipati kitu. Vishikizi virekebishwe hadi ncha zote nane zikae katika mstari mmoja, zikikaribia maji bila kuyagusa. Kipimo kizuri cha haraka ni kutazama kutoka kiti cha tezi: ncha zote zionekane zimelala juu ya mstari mmoja wa ufukwe wa mbali.

Njia ya tatu ni ya mshipi kuteleza baada ya kupimwa, nayo nitaieleza katika sehemu yake.

Ikiwa kina kimesawazishwa na fimbo ileile bado inapata samaki peke yake, kuna jaribio rahisi ninaloliamini kuliko maelezo ya mtu yeyote. Badilishaneni nafasi: itoe fimbo hiyo, uiweke mahali pa iliyonyamaza, na iliyonyamaza uiweke mahali pake, bila kugusa mshipi wala chambo. Samaki wakiifuata fimbo, tofauti imo ndani ya fimbo hiyo, katika kina, uzito wa chubwi au chambo. Samaki wakibaki upande uleule wa mashua, tofauti imo majini. Huenda upande huo unapita karibu na mashina ya miti iliyozama, au uko mbali na kivuli na mlio wa mota. Katika hali ya kwanza unarekebisha vifaa, na katika ya pili unageuza mashua. Jaribio lote huchukua dakika mbili, nalo hufanya kazi tu iwapo kitu kimoja kimebadilishwa kwa wakati mmoja. Anayebadilisha nafasi, chambo na kina kwa pamoja hatajua ni kipi kilicholeta samaki.

Kwa alama ya kina, fundo dogo la uzi wa rangi lililofungwa juu ya mshipi, linaloweza kupita ndani ya vipete, ni la kutegemewa kuliko wino, ambao hufutika. Njia nyingine isiyohitaji alama ni kutumia fimbo yenyewe kama futi. Mshipi ukiachiliwa hadi chubwi lifike kwenye rili wakati fimbo imesimama, urefu ulioko nje ya ncha unakaribia urefu wa kutoka rili hadi ncha, na kwa fimbo zinazofanana kipimo hicho kitakuwa kilekile mara nane bila hesabu.

Mishipi yote imelala kuelekea nyuma

Mashua inaposonga mbele, mshipi hulala kuelekea chini ya mashua. Ukilala kidogo si tatizo. Ukilala nyuzi 30 kutoka wima, mshipi wenye mita 4 majini hufika kina cha mita 3.5 hivi, na ukilala nyuzi 45 hufika mita 2.8 tu. Yaani mvuvi aliyepima kwa uangalifu mkubwa amepoteza zaidi ya mita moja kwa sababu ya mwendo peke yake, na kila upepo unapobadilika kina nacho hubadilika.

Ikiwa imelala yote kwa kiasi kimoja, chanzo ni mwendo ulio mkubwa kuliko uzito wa chubwi. Punguza mwendo kwanza. Iwapo mota imeshushwa hadi ngazi ya chini kabisa na mashua bado inakimbia, upepo unaisukuma kutoka tezini, na hapo wavuvi wa maziwa haya hutumia dawa isiyo na urembo wowote: hufunga kipande cha mnyororo mzito kwa kamba na kukiburuta chini nyuma ya mashua. Mnyororo hupunguza mwendo na pia huzuia tezi kuyumba, jambo ambalo mota peke yake hailiwezi vizuri. Mahali penye visiki vingi mnyororo hunasa, na hapo ni afadhali kugeuza omo kuelekea kwenye upepo. Hatua ya mwisho ni kuongeza uzito, kutoka gramu 14 hadi 21 au 28, na uzito huo uongezwe kwenye fimbo zote nane. Kuongeza kwenye nne na kuacha nne ni kutengeneza tatizo jipya ambalo nitalieleza kwenye kusokotana.

Ikiwa ni mshipi mmoja tu uliolala kuliko mingine, usiguse mota. Mshipi huo umebeba kitu, mara nyingi jani, gugu au kisamaki kilichotundikwa vibaya kinachozunguka kama pangaboi, au chubwi lake ni dogo. Uinue, uutazame, uurudishe.

Ncha zinatikisika ingawa hakuna samaki

Tofautisha kwanza kati ya kutikisika kwa pamoja na kutikisika kwa mojamoja. Ncha zote nane zikipanda na kushuka pamoja, ni mawimbi au ni mtu aliyesimama ghafla. Dawa ni kukaa, na kugeuza mashua ili mawimbi yaje kutoka omo badala ya ubavuni. Fimbo ngumu hukuza kila wimbi na kulipeleka hadi kwenye chambo, ambacho huruka juu na chini kwa namna ambayo hakuna kisamaki hai anayeogelea hivyo. Fimbo yenye ncha laini humeza sehemu kubwa ya msukosuko huo, na hii ndiyo sababu inayonifanya niwashauri wanaoanza wasinunue fimbo ngumu kwa kudhani kwamba ugumu ni ubora.

Ncha moja ikitikisika bila kukoma, na ukiinyanyua hakuna kitu, shika kishikizi chake na ukitingishe. Mara nyingi skrubu imelegea, au shingo ya kishikizi imeisha meno na fimbo inacheza ndani yake. Nimewahi kumtazama samaki wa kufikirika kwa nusu saa kwenye kishikizi cha namna hiyo.

Kinyume chake pia ni dalili: ncha zisizosema chochote hata samaki anapochukua chambo. Hapa uzito wa chubwi hauendani na ncha. Ncha iliyopangwa vizuri hupinda kidogo kwa uzito wa chubwi hata maji yakiwa shwari, na upinde huo mdogo ndio unaomwonyesha mvuvi mambo mawili tofauti. Samaki akivuta chini, upinde huongezeka, na hilo kila mtu huliona. Krapi, hata hivyo, mara nyingi hula kwa kuinuka, hivyo hulibeba chubwi pamoja na chambo, na ncha badala ya kupinda hunyooka au mshipi hulegea kwa kitambo kifupi. Chubwi likiwa jepesi mno kwa ncha, ncha imenyooka tangu mwanzo na haina mahali pa kunyookea, kwa hiyo huyo aliyeinuka hula na kutema bila kuonekana. Anayelalamika kwamba visamaki vyake vinarudi vimetafunwa na hakuona kitu ajaribu chubwi zito zaidi au fimbo yenye ncha laini zaidi kabla ya kulaumu macho yake.

Kina kilipimwa asubuhi lakini kimebadilika chenyewe

Fimbo ikiwa imelala kwenye kishikizi kwa saa nyingi, uzito wa chubwi, mawimbi na misukumo midogo ya mota huuvuta mshipi kidogo kidogo. Breki ya rili ikiwa imelegezwa mno, mshipi hutoka sentimita chache kila mara na hakuna anayesikia. Rili zenye kitufe cha kuruhusu mpini uzunguke kinyumenyume nazo hutoa mshipi ikiwa kitufe kimeguswa wakati wa kubeba fimbo. Vikaguliwe vyote kabla ya kuondoka bandarini.

Kuna chanzo kingine ambacho huwasumbua waliohamia kwenye mshipi wa kusukwa. Mshipi huo huteleza na hauumi bobini, ile sehemu ya rili inayokunjiwa mshipi, kwa hiyo ukifungwa moja kwa moja kwenye bobini tupu hugeuka wote kwa pamoja kama bangili kwenye mkono mwembamba. Mvuvi hukaza breki hadi mwisho na mshipi bado unatoka. Tandika kwanza tabaka chache za nailoni, au kipande cha utepe wa gundi, halafu ndipo ufuate mshipi wa kusukwa.

Mishipi inasokotana

Kuna misokotano ya aina mbili, na kila moja ina chanzo chake.

Ya kwanza ni ya mshipi mmoja kujisokota wenyewe na kutoka kwenye rili kwa vitanzi. Katika rili za bobini isiyozunguka, kosa la kawaida ni kuzungusha mpini wakati breki inatoa mshipi. Kila mzunguko hapo hauingizi kitu ila huongeza msokoto. Kosa la pili ni kujaza bobini kupita kiasi. Iachwe nafasi ya milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Kisamaki au chambo bandia kinachozunguka nacho husokota mshipi, na swiveli, ile pingili ndogo inayozunguka, iliyofungwa juu ya ndoana hupunguza hilo. Mshipi uliokwisha kusokotwa unaweza kuokolewa: ondoa ndoana, chubwi na kila kitu, uachilie mtupu nyuma ya mashua inayotembea kwa dakika chache, kisha uurudishe ukiubana kwa vidole. Nailoni iliyokaa kwenye bobini majira yote ya baridi hukumbuka umbo la bobini, na mvuto wa mikono wa mita chache za mwanzo huinyoosha. Isiponyooka, itupwe, ni kitu rahisi kuliko saa zinazopotea.

Aina ya pili, ya mshipi mmoja kumkamata jirani yake, ndiyo inayowafanya watu warudi kwenye fimbo mbili. Ikitokea, ulizeni kwanza ilitokea wakati gani.

Ikitokea wakati wa kugeuka, kosa ni la kona. Mashua inapogeuka kulia, fimbo za kushoto huenda kasi na mishipi yake hulala, huku za kulia zikikaribia kusimama na mishipi yake ikining'inia wima. Mishipi iliyolala kwa nyuzi tofauti hukutana chini ambako hakuna anayeona. Kona ichukuliwe kwa upana wa uwanja, polepole, na ikiwa ni lazima kugeuka ghafla, fimbo za upande wa ndani ziinuliwe kwanza.

Ikitokea wakati wa kwenda moja kwa moja, tazama machubwi. Chubwi la gramu 14 lililo kati ya mawili ya gramu 21 hulala zaidi ya majirani zake, na upepo wa ubavuni ukiongezeka hulipeleka juu ya mshipi wa pili. Hata mishipi ya unene tofauti huleta matokeo hayo, kwa kuwa mnene husukumwa na maji kuliko mwembamba. Kisha tazama nafasi kati ya ncha: vishikizi vikielekezwa sambamba badala ya kutandazwa, ncha hukaribiana hadi sentimita 30, na hiyo ni ndogo mno.

Ikitokea samaki anapoinuliwa, ni kwa sababu amepewa muda wa kutembea. Fimbo ya futi 16 haimleti samaki mkononi haraka, na krapi aliyeachwa achezee juu ya maji hupita chini ya mishipi mitatu kabla ya kufikiwa. Anyanyuliwe moja kwa moja, fimbo ikirudishwa nyuma kwenye mashua, na mwenzako awe tayari na wavu wa mkono wenye mpini mrefu.

Na ikiwa ndoana ya juu ndiyo inayojizungusha kwenye mshipi wake wenyewe, tawi lake ni refu au laini mno. Likatwe hadi sentimita 10 au 15, na lifungwe kwa mshipi mgumu zaidi kuliko ule mkuu.

Samaki anashikwa kisha anang'oka

Ngozi ya mdomo wa krapi huchanika, na kila kinachoongeza nguvu ya ghafla huongeza tundu. Mshipi wa kusukwa, ambao haunyumbuki, ukiunganishwa na fimbo ngumu na breki iliyokazwa, ni mpangilio wa kupoteza samaki. Ninavyoona mimi, nailoni inafaa zaidi kwa kazi hii kwa sababu hunyumbuka, ingawa ninawajua wavuvi hodari wanaotumia mshipi wa kusukwa na kusawazisha kwa fimbo laini sana. Breki ifungwe ili itoe mshipi kwa mvuto wa nusu kilo hivi. Ipimwe kwa mzani mdogo wa mkono, kwenye fimbo zote nane, kwa sababu vidole viwili vya mtu mmoja havikazi rili mbili sawasawa.

Baada ya hapo angalia jinsi fimbo inavyotolewa kwenye kishikizi. Kishikizi kinachomlazimisha mvuvi kuisukuma fimbo mbele kabla ya kuinyanyua hulegeza mshipi kwa nukta moja, na hiyo humtosha samaki kutema. Kishikizi kizuri huachia fimbo kwa kuinuliwa tu, na kule kuinuliwa ndiko kunakomchoma samaki, bila mkupuo wa ziada.

Wanaopoteza samaki pembeni mwa mashua tu, si kwingine, hawana tatizo la rili. Wanamwinua kwa mshipi juu ya ukingo badala ya kutumia wavu.

Ndoana zinanasa kwenye visiki kila dakika

Maziwa haya yana mashina ya miti na vijiti vilivyopandwa makusudi kuwavutia krapi, kwa hiyo kutonasa kabisa ni ishara kwamba unavua mahali pasipo na samaki. Tatizo ni kupoteza vifaa kila mara. Tumia ndoana za waya mwembamba, ambazo hunyooka zikivutwa kwa nguvu iliyo chini ya ile inayokata mshipi. Ndoana hurudi, hukunjwa tena kwa koleo, na kazi huendelea. Ndoana ya waya mnene iliyofungwa kwenye mshipi wa ratili 6 hufanya kinyume, na kila kisiki huondoka na chubwi. Mshipi ukinasa usivute kwa fimbo, kwa sababu ncha ndiyo itakayovunjika. Rudisha mashua juu ya mahali paliponasa, punguza mshipi, na uvute kwa mkono uliozungushiwa kitambaa.

Chambo bandia cha kuzama: kihesabio kinasema uongo

Kiangazi, maji yanapopata joto na krapi kutawanyika katika kina cha wazi, wavuvi wengi wa Mississippi huacha visamaki na kuvuta chambo bandia chenye ulimi wa plastiki, ambacho huzama kadiri kinavyovutwa, kwa mwendo wa kilomita 2.4 hadi 3.2 kwa saa. Hapa rili huwa na kihesabio cha urefu wa mshipi, na kina hutegemea urefu huo. Malalamiko ya kawaida ni haya: rili mbili zinasoma mita 30, lakini moja inagonga chini na nyingine haigongi.

Kihesabio hakipimi mshipi. Kinahesabu mizunguko ya bobini na kuzidisha kwa kiasi kilichokadiriwa kwa bobini iliyojaa. Bobini ikipungua kipenyo kwa sehemu moja kati ya kumi, kila mzunguko hutoa pungufu kwa kiasi hichohicho, na namba 30 humaanisha mita 27. Rili zilizokatwa mshipi kwa viwango tofauti katika msimu mmoja haziwezi kukubaliana. Zijazwe zote upya kwa mshipi wa aina na unene uleule, hadi usawa uleule, kisha zikaguliwe nchi kavu: pima mita 30 kwa futi kamba kwenye uwanja, vuta mshipi wa kila rili hadi mwisho, na andika namba inayosomeka kwenye kipande cha utepe juu ya rili. Ikiwa moja inasoma 32 na nyingine 30, si lazima uzifanye zifanane, inatosha kujua.

Unene wa mshipi una neno pia, kwa kuwa mwembamba hukiruhusu chambo kizame zaidi. Na chambo kinachokimbilia upande mmoja, ambacho kitafunga mishipi ya jirani kabla ya saa kupita, hunyooshwa kwa kuupinda kidogo sana mshikio wake wa mshipi kuelekea upande unaotaka kiende. Kijaribu kando ya mashua kwa mwendo wa kazi kabla ya kukitoa nje, kwa sababu kilichonyooka katika mwendo mdogo huweza kukimbilia pembeni mwendo ukiongezeka.

Fimbo inavunjika bila samaki mkubwa

Fimbo ndefu huvunjika zaidi njiani kuliko majini: ncha hubanwa na mlango wa gari, vipete hukwaruzwa, na ufa mdogo usioonekana husubiri siku ya kazi. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila kipete. Kikiacha nyuzi, kipete kina ufa na ndicho kinachokata mshipi wako bila sababu. Majini huvunjika pale mvuvi anapoisimamisha wima kabisa huku samaki akiwa karibu, hivyo uzito wote huangukia ncha badala ya kugawanyika hadi kwenye mpini.

Fimbo za grafiti hupitisha umeme. Futi 16 zilizosimamishwa kwenye gati chini ya nyaya za umeme, au juu ya ziwa wakati radi inasikika, ni hatari ya kifo, kwa hiyo zilazwe ndani ya mashua kabla ya kufika gatini na mara tu ngurumo ya kwanza inaposikika.